Uvunguni kwa Mbambu

Nilipolipandisha sanduku la bati,
kichwani, tangu darajani Nyamwamba hadi kwa Mbambu mlimani,
watu walinisalimia kwa macho ya kuuliza.
Jioni Thembo akaniuliza kwa mdomo:
"Unatoroka kidogo kidogo?"
Nikamjibu, mto ndio utakaotoroka,
na mto ukitoroka hauchagui cha kubeba.
Ulibeba jiko la Biira, sufuria ikiwa bado motoni.
Kuweka akiba katika nyumba ya ukingoni
ni kumwachia mwizi ufunguo, na chakula mezani.

Humo nilitia
viberiti, nimevifunga kwenye kaveera mara tatu,
chumvi, sabuni ya mche, kilo nne za maharagwe,
tochi, betri zake kando zisije zikavuja,
vidonge vya presha vya mama mkwe,
nakala ya hati ya kiwanja
(kiwanja ambacho mto nao unakidai),
na sare ya shule ya Ndungo.

Kila miezi mitatu nilipanda kubadilisha.
Maharagwe makuukuu tuliyapika palepale, mimi na Mbambu,
yakaukaidi moto hadi saa kumi.
Sare haikuoza, ila Ndungo alirefuka;
sare tatu zikamwishia kitinda mimba wa Mbambu,
mtoto anayevishwa na mafuriko
ambayo hayajaja.

Halafu mwaka ule pamba haikupata mnunuzi.
Nikafungua, nikapima kwa mkono,
mkono ukanikatalia.
Mbambu mlangoni, anafuta viganja vilivyokwisha kukauka:
"Nilichukua kilo mbili. Nimerudisha moja."
Ilifaa niseme, hamna neno.
Nilisema.
Lakini nilikuwa nimeshapiga magoti,
nahesabu viberiti mbele yake,
kimoja,
viwili,
hata kuku wa uani wakanyamaza.

Wiki nyingi hatukutumiana salamu.
Sanduku likabaki kwake. Aibu ikabaki kwangu.
Sikuwa nimewaza kwamba anayekutunzia chakula
hulala juu ya njaa yako
huku yake iko macho.

Usiku ule wa Mei mawe yaliteremka yakigongana,
mngurumo wa malori yasiyo na breki.
Tulipanda na tulichovaa,
mama mkwe mgongoni kwa Thembo,
Ndungo amekumbatia kuku ambaye hakuna aliyemtuma.
Njia nzima nilitafuta namna ya kubisha hodi.
Mlango ulikuwa wazi.
Koroboi imewekwa chini, ituonyeshe kizingiti.

Nikainama moja kwa moja uvunguni.
Mbambu akanishika kiwiko.
"Liache. Hilo ni la siku mbaya."
"Na leo je?"
"Leo mko kwangu."
Akasonga bundu kwa unga wake mwenyewe,
akavua shuka kitandani, akatukausha nayo kama watoto.

Siku ya tatu ndipo tulipofungua.
Kilo nne, na kopo moja juu yake.
Pembeni kandambili, namba ya mama mkwe,
na majani ya chai ambayo sikuyanunua.
Viberiti sikuvigusa. Thembo ndiye aliyewasha.

Sasa tumepanga chumba kimoja upande wa mjini, mbali na mto,
bati linatupika mchana kutwa.
Juzi Mbambu ameteremka na kigunia kilichoshonwa mdomo.
"Niwekee," akasema. "Mlima umepasuka nyuma ya nyumba.
Ufa unameza mkono hadi hapa," akagusa kiwiko,
kilekile alichonishika mimi.
Hakukaa hata kunywa maji; aliiwahi mvua.

Nimekisukuma uvunguni, juu ya matofali mawili.
Kizito kidogo. Kinanuka kahawa.
Usiku panya wakikwaruza
ni mimi ninayeamka.